Mgombea Asiye na Maneno

Habari ile niliipata dukani Tensta, hapa Stockholm, mbele ya rafu ya ndagala, dagaa wa kwetu, na tangu siku hiyo haikunitoka kichwani: eti chama kilikuja kanisani kwetu kuomba mtu asiye na maneno, na wazee wakampeleka mwanangu.

Aliyenipa ni Mama Prudence, jirani yangu wa Hjulsta, milango yetu inatazamana. Alikuwa ameinama anachagua ndagala, pakiti moja mkono huu, nyingine mkono ule, anapima ipi imejaa.

"Hongera, Mama Ghislaine," akasema bila kuinua kichwa. "Mtoto wako anaingia bungeni amefunga mdomo."

"Unasema nini wewe?"

"Mimi sisemi. Watu ndio wanasema. Chama kilitaka mtu mpole, mtu wa kukaa kwenye picha. Wakimwambia simama anasimama, wakimwambia kaa anakaa."

"Watu gani hao?"

"Watu wana majina? Watu ni watu." Akarudisha pakiti moja. "Na mimi nilimtetea. Niliwaambia huyo binti namjua, hata mlango anaufunga polepole."

"Huko ndiko kumtetea?"

"Sasa ulitaka niseme anaubamiza?"

Nilicheka, nikalipa vitunguu vyangu, nikatoka. Kicheko kiliishia mlangoni. Nilitembea mpaka Hjulsta kwa miguu, na barafu ile ya njiani, kwa sababu sikutaka kukaa kwenye treni na watu wa kunipongeza.

Nieleze kwanza, maana si kila atakayesoma hapa anatujua. Ghislaine ni mwanangu wa pekee. Tulitoka naye Uvira, Kongo, akiwa mdogo wa kubebwa, tukapita kambini, tukafika huku. Leo ni mtu mzima, anafanya kazi kwenye duka la dawa. Kiswidi ni chake, Kiswahili ni changu alichokirithi. Kanisani anasalimia kwa mikono miwili, anagawa chai, mkubwa akisema yeye anatazama chini. Nyumbani ni mtu mwingine. Nyumbani anabishana na televisheni. Habari zikisomwa anasimama katikati ya sebule na rimoti mkononi, anawajibu mawaziri kwa Kiswidi cha haraka mpaka mimi naomba anipishe nione picha.

Kwa hiyo anayesema mwanangu hana maneno hamjui. Anayo, ila nilimfundisha kwamba mkubwa hapingwi mbele za watu. Ukiwa na neno naye, unamvuta pembeni, unamwambia taratibu, naye anabaki na heshima yake. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Hivyo ndivyo tulivyo wengi, Warundi kwa Wakongo.

Nilichokiogopa baada ya maneno ya Mama Prudence kilikuwa kimoja. Niliogopa siku itafika Ghislaine awekwe mbele ya watu wake, aseme jambo ambalo si lake, na watu waliomwamini wasimwamini tena. Kazi mtu anapata nyingine. Imani ya watu haipatikani kwa kuomba upya.

Jina lake lilipitaje? Nilikuwepo, naweza kusema.

Kanisa letu tunakodi ukumbi Jakobsberg. Sisi wa Hjulsta na Tensta tunachukua basi mpaka Spånga, halafu treni. Jumapili moja alikuja mwanamke wa chama, jina lake Kamila, mtu wa makamo, nywele fupi, koti amelikunja magotini. Alikaa nyuma ibada nzima, nyimbo zote alisimama. Baadaye akaingia chumba cha pembeni na wazee. Sisi wanawake tulikuwa jikoni tunapasha chakula, tusijue wamezungumza nini. Wazee walipotoka, Mzee Juvénal alitutangazia kwamba chama kinatafuta mtu wa upande wetu wa kugombea ubunge. Wasema Kiswahili tumekuwa wengi Stockholm, na hakuna hata mmoja wetu kwenye majina yao. Tuwape jina.

Mzee Juvénal ni Mrundi, mtu mzuri, simsemi vibaya. Kamati zote za harusi na misiba anazipanga yeye. Na hili alilipanga vilevile. Tulikaa baada ya ibada, watu wakataja majina, na kila jina yeye aliuliza swali moja: "Nani ana neno juu yake?"

La kwanza lilikuwa la Arielle, yule anayeendesha basi. Arielle ndiye aliyewakusanya wapangaji wa jengo lao mpaka lifti ikatengenezwa. Lakini Arielle pia aliwahi kusimama akamwambia Mzee mwenyewe kwamba wanawake wanapika kila harusi na hawaitwi kwenye kamati hata moja. Mzee alipouliza nani ana neno, mikono ikainuka.

"Anajibu watu," akasema mmoja.

"Ana kichwa kigumu."

Shemasi Eliakim akasimama, akapangusa miwani yake. "Ndugu zangu, tukimpeleka huyu bungeni, baada ya wiki watatuandikia barua tukamchukue."

Tulicheka sote. Arielle naye alicheka, akasema, "Mkija kunichukua mje na lifti nzima, ile ya zamani mtakwama." Ila jina lake likafa hapo.

Akatajwa Ghislaine. Nani ana neno juu yake? Kimya. Mzee akatazama huku, akatazama kule. Kimya.

"Basi," akasema. "Mtu ambaye hakuna mwenye neno juu yake, huyo ni wa wote."

Vigelegele vikapigwa. Mimi nilipiga kuliko wote. Ghislaine alikuwa mlangoni na birika la chai, akatazama chini, akatabasamu. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Hakuna aliyemuuliza anaamini nini.

Njia hii tunaijua. Ndiyo tunayochagulia mwenyekiti wa harusi, na kwa harusi inafaa sana. Mwenyekiti wa harusi kazi yake ni kwamba familia mbili zisigombane mpaka keki ikatwe. Bungeni sijafika, lakini nadhani huko watu wanapelekwa ili wagombane, mmoja mmoja kwa niaba ya wengi.

Baada ya hapo Kamila alikuja nyumbani kwangu. Nilipika sombe, yaani kisamvu, na wali na samaki. Nilimkaribisha kama mtu aliyekuja kuposa, na kama mtu aliyekuja kuposa nilimuuliza maswali, Ghislaine akitafsiri huku ananikanyaga mguu chini ya meza.

"Mwulize, akitukanwa mitandaoni nani atamlinda?"

"Mamma, sluta," akaninong'oneza. Hilo ndilo neno lake, mama acha.

"Mwulize."

Akauliza. Kamila akajibu kwamba chama kina watu wa kazi hiyo.

"Mwulize atakuwa wa ngapi kwenye majina."

"Wa tisa," Kamila akasema.

"Na mara iliyopita mliingia wangapi kutoka hapa Stockholm?"

Kamila akatabasamu kidogo. "Wanne."

"Kwa hiyo haingii."

"Anaweza, watu wengi wakiweka alama kwenye jina lake katika karatasi ya kura. Ndiyo sababu tunamtaka mtu anayejulikana na watu."

Jibu hilo lilikuwa la kweli, nililipenda. Kisha yeye naye akaweka swali lake. Nasema hili ili asionewe, kwa sababu aliuliza. Alimgeukia Ghislaine, kijiko mkononi, akasema: katika mambo ya chama, kuna lolote ambalo hukubaliani nalo?

Nami nilijua lipo. Wiki ile ile chama hicho kilitoa pendekezo kwamba mtu aliyepewa hifadhi asubiri miaka zaidi kabla ya kuruhusiwa kuleta mke wake na watoto. Ghislaine alilisikia kwenye habari, akaitupa rimoti kwenye kochi, akasema maneno mengi kwa Kiswidi, na mwisho akasema kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, "Hawa watu hawajawahi kusubiri mtu."

Sasa Kamila anamuuliza, na Ghislaine anachukua bakuli anamwongezea sombe. "Hapana," akasema. "Ni sawa."

Angejibu nini? Mgeni yumo nyumbani mwako, anakula chakula cha mama yako, halafu umwambie nyumba yake inavuja? Kwetu haifanyiki. Unamwacha ashibe, unamsindikiza, na siku nyingine mkiwa wawili unamwambia.

Alipoondoka nilimwambia Ghislaine maneno ya dukani.

"Wanasema umechukuliwa kwa sababu huna maneno."

"Waseme." Alikuwa anakusanya sahani. "Nikishaingia ndani ndipo nitasema. Ukiwa nje nani anakusikiliza?"

"Na wakikuuliza kabla hujaingia?"

"Mama, hawatauliza. Watauliza mambo ya shule na mabasi."

Mkutano wa chama na wapiga kura ulifanyika Tensta, Jumamosi mchana, ukumbi umejaa. Walikuwepo Wasomali, Waeritrea, Waswidi wazee wa mtaa, na sisi viti vya mbele kwa sababu mtoto ni wetu. Mzee Juvénal alivaa suti ya kahawia. Kijana wa gazeti la mtaa alikuwa anapiga picha. Mbele walikaa Kamila na Ghislaine, meza moja, kipaza sauti kimoja. Mpango ulikuwa Kamila aeleze kwa Kiswidi na Ghislaine awatafsirie watu wake. Hakuna aliyeona ubaya. Ghislaine ametutafsiria tangu yuko shule ya msingi, hospitalini, shuleni kwake mwenyewe, ofisi za kazi. Mtoto wetu gani huku hajawa mdomo wa wazazi wake?

Alianza vizuri. Shule, mabasi, wazee wasio na wauguzi. Watu wanatikisa vichwa.

Halafu akasimama Hervé.

Hervé ni kijana wa Uvira kama sisi, anafanya kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli. Mke wake na binti yao wako Bujumbura, wamekimbilia huko. Karatasi zake zote za kuwaombea waje alizijaza na Ghislaine, kwenye meza yangu ya jikoni. Picha ya yule mtoto mimi naijua, ana meno mawili yametoka mbele.

"Mimi swali langu ni fupi," Hervé akasema kwa Kiswahili. "Hili jambo la kuongeza miaka ya kusubiri familia. Chama chenu mnalitaka au hamlitaki?"

Ghislaine akamtafsiria Kamila. Kamila akavuta kipaza sauti, akajibu kwa upole, kirefu. Kisha akamsukumia Ghislaine. Ghislaine akatafsiri, sawasawa kama alivyozoea, bila kuongeza na bila kupunguza: "Tunaelewa ni vigumu. Lakini tunaona mtu apewe muda wa kujifunza lugha na kupata kazi ya kudumu kwanza. Kwa hiyo tunaunga mkono miaka iongezwe."

Kwa Kiswidi walisema wao. Kwa Kiswahili aliyesema ni mwanangu.

"Sikumuuliza yeye," Hervé akasema. "Nimekuuliza wewe, Ghislaine. Wewe unaijua meza tuliyokalia. Wewe unasemaje?"

Nikamwona mwanangu anatazama chini. Mkono wake mmoja ulishika ukingo wa meza. Mimi mama yake nilijua maana yake: nina neno, lakini si hapa, mkubwa yuko pembeni yangu. Labda na Mzee Juvénal alijua. Lakini Hervé alikuwa na mke na mtoto mbali, na kwa mtu mwenye shida, kunyamaza tayari ni jibu.

Kamila akauliza amesema nini. Ghislaine akamwambia. Kamila akamwekea mkono begani, akacheka kidogo, cheko la kusaidia, akasema kwenye kipaza sauti kwamba Ghislaine yuko pamoja nao katika hili.

Na watu wakangoja tafsiri.

"Anasema," Ghislaine akasema, na sauti ilikuwa ya chini, "anasema niko pamoja nao."

Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Haya, mbunge wetu kasuku," na watu wakacheka, kicheko cha kuumiza. Hervé hakucheka. Alivaa koti lake, akafunga zipu mpaka kidevuni, akatoka.

Mkutano ulipoisha niliingia jikoni mwa ukumbi kuosha thermosi. Ghislaine alimvuta Kamila humo humo, akafunga mlango. Hawakunijali. Walisema Kiswidi, lakini cha polepole, na nilichokosa Ghislaine alinieleza baadaye.

"Sikubaliani na jambo lile," Ghislaine akasema. "Sijawahi kukubaliana nalo. Ni baya, na nitakuambia kwa nini ni baya." Akamwambia. Alisema vizuri. Alisema habari za kambi, habari za watoto wanaowasahau baba zao, habari za mwanaume ambaye hawezi kujifunza lugha kwa sababu usingizi haumjii. Ningependa ukumbi mzima ungesikia. Tulisikia mimi, Kamila, na thermosi.

Kamila alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa nini hukusema pale mbele?"

"Ungeaibika."

"Mimi?"

"Watu wote wangeona nimekupinga."

"Ghislaine, kupingwa ndiyo kazi yangu. Ningejibu, ungejibu, tungerudi nyumbani. Na nilikuuliza nyumbani kwenu!"

"Ulikuwa unakula."

Kamila akakaa juu ya kreti la soda. Hapo mimi sikuweza kuvumilia, nikamwambia Ghislaine amuulize neno langu: ni kweli aliwaomba wazee mtu asiye na maneno?

Kamila akanitazama, akashangaa. "Hapana. Niliwaomba mtu ambaye akisema, watu wanamsikiliza." Akafikiri. "Lakini sikumuuliza mtu mwingine yeyote. Sikwenda kazini kwake. Sikuuliza majirani. Nilimwona kanisani anagawa chai, kila mtu anampenda. Na tangu tulipoanza hajanipinga hata mara moja." Akajipangusa uso. "Nilifurahi. Ilikuwa rahisi."

Kwa hiyo uvumi ulikuwa na uongo na ukweli ndani yake. Chama hakikuomba mtu aliyefunga mdomo. Sisi ndio tuliomchagua kwa kigezo hicho, na chama kilipompata hakikulalamika.

Gazeti la mtaa lilitoka na picha yake, ametazama chini, mkono wa Kamila begani. Maandishi yalisema mgombea kutoka Hjulsta anaunga mkono familia kusubiri zaidi. Hawakudanganya. Waliandika walichosikia.

Jumapili iliyofuata hakuna aliyetutukana. Ingekuwa heri watukane, tungejibu. Walitusalimia vizuri kabisa, wakauliza habari za afya, wakaenda kukaa upande mwingine. Mama mmoja ambaye Ghislaine alikuwa amsindikize kwa daktari alisema asijisumbue, amepata mtu. Nyumbani mwanangu aliacha kubishana na televisheni. Habari zinasomwa, yeye anakata kucha.

Nilimwambia kwa hasira, "Basi sema! Uko na mdomo mzuri jikoni tu?"

Akajibu kwa Kiswidi. Nikasema sitaki Kiswidi. Akasema, "Ulinifundisha wewe."

Nilimenya viazi.

Aliandikia chama kwamba hakubaliani na pendekezo lile na kwamba jina lake liondolewe, kabla karatasi za kura hazijachapwa. Halafu siku ya ibada, wakati wa matangazo, Shemasi Eliakim akiwa bado anatangaza harusi ya mtu, Ghislaine akasimama.

"Nina tangazo."

Mzee Juvénal akageuka. "Mwanangu, mambo yale si ya kusemwa hapa. Njoo baadaye tuongee pembeni."

"Mzee, nisamehe. Ni ya hapa hapa."

Katika maisha yake hajawahi kumjibu mkubwa mbele za watu. Mimi nilisikia joto kichwani, sijui kama ni aibu au ni nini. Akasema kila kitu. Kwamba hakubaliani na lile jambo. Kwamba alitafsiri maneno ambayo alipaswa kuyakataa. Kwamba amejitoa. Akamtaja Hervé kwa jina na kumwomba radhi. Hakulia. Akakaa.

Arielle alipiga makofi peke yake, akaacha.

Tulipokuwa tunavaa makoti Hervé alikuja, akampa mkono.

"Asante kwa kusema, yaya," akasema, yaani dada mkubwa.

"Ningesema siku ile," Ghislaine akasema.

"Ndiyo. Ungesema siku ile, mbele ya yule mama na mbele ya gazeti. Leo umetuambia sisi. Sisi hatutungi sheria."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma saa ya treni. Lakini karatasi zake hazijarudi kwenye meza yangu. Nasikia anakwenda kwa mtu mmoja Tensta, mtu ambaye Kiswidi chake ni kibovu kuliko changu.

Ningeweza kuishia hapo, maana yetu yamekwisha. Ninaandika kwa sababu chama kimerudi. Nafasi ya tisa iko wazi, na Kamila ameomba jina lingine. Safari hii ameomba tumpe majina kadhaa na aongee na kila mtu mwenyewe, hilo nampongeza. Lakini Mzee Juvénal tayari anatembea na jina moja. Jumapili alimwambia Shemasi nikiwa nasikia: "Tunaye Natacha. Binti mzuri. Hana neno na mtu."

Natacha ni mtoto wa rafiki yangu Épiphanie. Ana miaka ishirini na mbili. Akisalimiwa anaona haya. Mama yake ameshaanza kuulizia kitambaa cha kushona nguo ya siku ile.

Épiphanie, nilikupigia simu ukasema nina wivu. Sina wivu. Naandika hapa ili usome ukiwa umetulia, na wazee wasome, na kama kuna mtu wa kumsomea Kamila amsomee.

Haya ndiyo ya kuepuka.

Msimchague mtu kwa sababu hakuna mwenye neno juu yake. Ulizeni kwa nini hakuna.

Msimwache mtu kwa sababu anajibu. Ulizeni alijibu nini, na kama alikuwa na haki.

Msipitishe jina kabla ya kumuuliza mwenye jina. Na akisema "sijui" au akitazama chini, hesabuni hajakubali.

Chama, msimuulize mtu maswali mazito mezani kwa mama yake. Muulizeni mkiwa mnatembea, muulizeni kazini kwake, muulizeni mara ya pili.

Msimchukue mtu ambaye hajawahi kuwaambia hapana. Kama hawezi kuwaambia nyinyi, hataweza kumwambia waziri.

Msimtake kwa kura za kanisa lake peke yake. Kura hizo zina watu, na watu hao wana shida zao, watamuuliza.

Msimfanye mgombea kuwa mtafsiri wenu. Tafuteni mtafsiri, naye mgombea aseme ya kwake.

Msimsemee akiwa amekaa hapo hapo.

Msiweke mtoto nafasi ya tisa mkamwambia mama yake anaenda bungeni.

Wazazi, msipige vigelegele kabla ya kujua mtoto anasimama kwa ajili ya nani.

Na msimpeleke Natacha mpaka mmesikia akimkatalia mkubwa jambo moja, mbele za watu, kwa sauti inayofika viti vya nyuma.